Nguo ya Kuagana



Muhula huu, katika somo la Falsafa ya Kiafrika, sisi wa mwaka wa pili tulifika kwa Waakan wa Ghana. Mada ilikuwa okra, ile sehemu ya mtu ambayo Waakan husema imetoka kwa Mungu. Kwame Gyekye anaiita roho. Kwasi Wiredu anamkatalia, kwamba okra hailingani na roho kama wanafalsafa wa Ulaya walivyoielewa. Tukagawanyika darasa zima. Katikati ya mabishano, mwalimu akatuonyesha picha ya nguo.

Inaitwa adinkra. Ni nguo ya pamba inayopigwa chapa kwa mkono na Waasante, ambao ni sehemu ya Waakan. Kijiji cha Ntonso, karibu na Kumasi, kinajulikana sana kwa kazi hiyo. Magome ya mti uitwao badie hulowekwa, hutwangwa, kisha huchemshwa mpaka rangi iwe nzito na nyeusi. Mihuri huchongwa kwenye vipande vya kibuyu na kufungwa vijiti vya kushikia. Fundi hutandika nguo, huigawa kwa mistari, halafu huchovya muhuri na kugandamiza, tena na tena, mpaka nguo ijae.

Wapo wanaosema jina limetokana na mfalme Adinkra wa Gyaman, aliyeshindwa na Waasante yapata mwaka 1818. Lakini nguo ya aina hiyo ambayo Mwingereza Thomas Bowdich aliipata Kumasi mwaka 1817 ipo hadi leo British Museum, London. Maana yake nguo ilikuwapo kabla ya vita hiyo. Wengine huona ndani ya jina hilo neno la Kiakan la kuagana. Na kweli, zamani adinkra ilikuwa hasa nguo ya msiba. Wafiwa waliivaa ikiwa nyekundu iliyoiva, kahawia au nyeusi, kumuaga mpendwa wao. Alama zake husema yale ambayo mfiwa hana nguvu ya kuyasema: ngazi ya mauti, ambayo kila mtu ataipanda; Gye Nyame, yaani “ila Mungu”.

Mwalimu alipotamka neno “kuagana”, tuliinamisha vichwa.

Bwenini kwetu kuna kitanda kitupu. Mwenzetu aliamua kuacha malezi. Usiku wa mwisho alituambia ataondoka na basi la alfajiri. Alfajiri tukasikia tranka lake likiburutwa sakafuni. Tulikuwa macho, wote. Hakuna aliyeinuka. Tulijisemea kwamba hatukutaka kumwongezea uchungu, lakini ukweli ni kwamba tuliogopa. Kila mmoja alihofu kwamba akimsindikiza hadi getini, moyo wake utamuuliza: na wewe unabaki kwa nini? Tangu siku ile hatukulitaja jina lake, kana kwamba hatukuwahi kula naye meza moja.

Wafiwa wa Kiasante humvalia marehemu nguo ya kuagana. Sisi tulishindwa kumpa mkono ndugu aliye hai.

Kati ya alama za adinkra ipo Sankofa: ndege amegeuza shingo kutazama alikotoka. Inafundisha kwamba si mwiko kurudi kuchukua ulichosahau. Jumamosi, saa ya kupewa simu zetu, tulijikusanya bwenini tukampigia. Alifurahi. Akauliza nani anasoma zamu yake kanisani. Tulipoanza kuomba radhi kwa kuzungukazunguka, akatukatiza: “Nilijua mko macho.”

Tukanyamaza. Mmoja wetu akasema, “Tusamehe, ndugu yetu.” Naye akajibu, “Basi niageni sasa.”

Tukamuaga, mmoja baada ya mwingine, kwa jina lake. Tukamaliza kwa Baba Yetu, naye akisali nasi kutoka upande wa pili wa simu. Bado tunaliogopa lile swali la getini, ila sasa tunaulizana waziwazi.

Mpendwa msomaji, huenda nawe kuna mtu aliyeondoka nyumbani, kwaya au jumuiya yako bila kuagwa. Kama yu hai, njia ya kurudi ipo. Tuombeeni, nasi tunawaombea.