Mchezo wa Maswali na Pesa Zake

Vijana wa Kalemie wametuuliza sisi makatekista: je, Mkristu aweza kwenda kushindana katika mchezo wa televisheni unaotoa pesa? Nyumbani wengine wameambiwa kwamba ni kamari tu.

Tutazame kwanza mchezo wenyewe. Unaowavuta ni Questions pour un champion, ulioanza Ufaransa mwaka 1988. Huanza watu wanne. Watatu wa kwanza kufikisha alama tisa huendelea, wa nne hurudi kwao. Halafu kila mmoja huchagua somo lake, hupewa sekunde 40, naye hutafuta kujibu sawa mara nne mfululizo; akikosea, huanza tena kuhesabu. Mwishoni hubaki wawili. Basi, hapo bahati ni kidogo. Kazi kubwa ni ya akili na ya kusoma. Wala hakuna awekaye mezani faranga za watoto wake.

Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2413, hata michezo ya bahati haiikatazi yote. Hukataza ile imnyimayo mtu riziki yake na ya wengine. Faranga za bukari ziishiazo katika kubahatisha matokeo ya mipira, hizo ndizo zinazotutia hofu.

Shida ni nyingine. Maswali ni ya Kifaransa, hujibiwa upesi, na Ufaransa ni mbali. Wazazi, msiwazuie. Lakini wewe kijana, usiuze cherehani ya mama upate nauli kabla hujaitwa. Jaribu kwanza hapa kwetu, pamoja na wenzako watatu, saa mkononi, jioni umeme ukiwapo. (Usipokuwapo, taa ya mafuta yatosha.)