Moto Mweupe wa Lubumbashi

Mgeni afikaye Lubumbashi huonyeshwa kwanza bomba refu la moshi na, kando yake, kilima cheusi. Kilima hicho hakikuumbwa pamoja na nchi. Ni mabaki ya mawe ya shaba yaliyoyeyushwa hapo tangu mwaka 1911, mji ulipokuwa bado mchanga na ukiitwa Élisabethville, jina lililodumu hadi mwaka 1966. Hata zamani kabla ya hapo, wenyeji wa Katanga walijenga tanuu za udongo, wakayeyusha jiwe la kijani, wakaimimina shaba katika kalibu zenye umbo la msalaba. Na misalaba hiyo ilikuwa fedha yao. Monsinyori de Hemptinne, Mbenediktino, aliandika juu yao mwaka 1926 akawaita walaji wa shaba. Basi moto ni mwenyeji wa siku nyingi katika nchi hii. Lakini leo kuna moto mwingine mjini, mdogo kuliko ncha ya kidole, nao ndio tunaotaka kuwaonyesha wasomaji wetu.

Tuondoke katikati ya mji, tupitie Kamalondo, tuingie Kenya. Huku wanakaa mafundi wa chuma. Kazi yao hawaifanyi ndani ya nyumba. Wanaifanya mbele ya mlango, ukingoni mwa barabara, kati ya mama auzaye makala na watoto watokao shuleni. Utaona milango ya chuma imeegemezwa ukutani, vitanda, madirisha, mikokoteni, na viti vya kanisa pia. Halafu ghafula unatokea mwanga mweupe wenye rangi ya buluu, mkali kuliko jua la adhuhuri, pamoja na sauti kama ya mafuta yanayokaanga. Hiyo ndiyo kazi ya kuchomelea, ambayo watu wa Lubumbashi wanaiita sudure.

Umeme wake umetoka mbali. Mwaka 1930 maporomoko ya Mwadingusha, katika mto Lufira, yalianza kutoa nguvu kwa ajili ya migodi. Na tangu mwaka 1982 nyaya zinaleta Katanga umeme wa Inga, safari ya kilometa 1,700 hivi kupita juu ya misitu na mbuga. Umeme uliofanya safari hiyo yote mara nyingi humaliza mwendo wake katika waya uliochubuka, uliofungwa kwa kipande cha nguo.

Namna ya kazi yenyewe ni hii. Mashine hupunguza msukumo wa umeme na kuongeza wingi wake. Waya mmoja unabanwa kwenye chuma kinachotengenezwa. Wa pili unashika bageti, yaani kijiti cha chuma kilichovikwa unga mgumu. Fundi akigusa na kuinua kidogo, umeme unaruka katika nafasi ile ndogo, na joto lake hupita digrii 5,000. Chuma huyeyuka kwa digrii 1,538. Ndiyo sababu vipande viwili vinakuwa kimoja kwa muda mfupi tu. Kazi hii ni nzuri, nasi twaistahi. Bila hiyo Kenya isingekuwa na milango.

Tulisimama mbele ya karakana moja. Fundi alikuwa na kinyago chenye kioo cheusi, tena kizuri. Lakini chuma kilishikwa na kijana wa miaka kumi na mitano hivi, mwenye ndara miguuni, na uso wake ulikuwa wazi.

“Mwanangu,” tukamwuliza, “kioo chako kiko wapi?”

“Papa, mimi ninafumba macho.”

Fundi akainua kinyago chake akasema kwa upole, “Ni kweli, Papa. Nikisema ‘haya’, anafumba.”

Wote wawili walisema kwa moyo mweupe. Walakini tulikaa hapo robo saa, tukaona jinsi mambo yalivyokwenda: mara bageti ilinata, mara iliwaka kabla ya “haya” kutamkwa, mara kijana alifumbua apate kuona kama chuma kimenyooka. Na wale watoto wa shule, hakuna aliyewaambia “haya”. Walisimama wanne kwa mstari, wakitazama kama watu wanavyotazama sinema.

Hatari ya moto huu ni kwamba hauumi saa unapotazamwa. Makala yakikuchoma unaondoa mkono mara moja. Moto wa umeme hutoa mwali usioonekana, wa namna ile ya jua, lakini karibu mno na wenye nguvu mno. Huunguza ngozi nyororo ya juu ya jicho, na jicho halisemi neno. Kijana anakwenda nyumbani, anakula, anacheka na ndugu zake. Saa sita au kumi na mbili zikiisha kupita, mara nyingi usiku wa manane, anaamka akilia kwamba macho yamejaa mchanga. Machozi yanatiririka, hawezi kuvumilia hata taa ndogo. Mama yake haelewi, kwa maana jioni alimwona mzima.

Mara nyingi ugonjwa huu unapona kwa siku moja au mbili. Mlaze mtoto gizani, mwekee kitambaa safi chenye maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa, asiyasugue. Kisha mpeleke zahanati, hasa ikiwa maumivu hayapungui au macho hayaoni vema. Maziwa, maji ya viazi na dawa za jirani msiyatie ndani ya jicho. Na yale matone yanayoua maumivu, ambayo mafundi wengine wanaazimana, ni ya mganga kupimia jicho, si ya kutumia kila usiku. Yakizoewa yanaharibu jicho zaidi. Tena, kupona mara moja si kibali cha kurudia. Mwanga huu ukirudi rudi miaka mingi unaweza kutia ukungu katika jicho, na ukungu huo hauoshwi na maji baridi.

Kioo kinachofaa kina namba yake. Kwa kazi za mtaani, kama milango na vitanda, namba 10 au 11 zatosha. Kwa chuma kinene chenye umeme mwingi, 12. Miwani ya jua haifai hata kidogo, hata ikiwa nyeusi na ya bei kubwa. Na chini ya kinyago yafaa miwani myeupe ya kawaida, kwa sababu fundi akigonga ganda la juu ya mshono, vipande vya moto huruka kuelekea uso wakati kinyago kimekwisha inuliwa. Kwa wapita njia, turubai au mabati mawili yaliyosimamishwa kando ya kazi yatosha kuuficha mwanga. Mabati hayakosi katika karakana hizo. Yanakosa kusimamishwa tu.

Tuseme pia juu ya moshi. Mabati na mabomba mengi yamepakwa zinki. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta hupatwa usiku na baridi, homa, kichwa kuuma na ladha ya chuma kinywani. Kesho yake au kesho kutwa anapona. Katika nchi yetu kila mtu atasema ni malaria. Basi damu ipimwe, kwa maana huenda ikawa malaria kweli, lakini mganga aambiwe kazi aliyoifanya mgonjwa mchana. Wengi wanakunywa maziwa wakidhani yatafukuza sumu. Maziwa ni chakula chema, ila hayaendi kwenye mapafu. Dawa ni kukwangua zinki mahali pa mshono, kufanya kazi penye hewa, na kutoinamisha kichwa juu ya moshi. Tangu mwaka 2017 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya la Dunia wameuhesabu moshi wa kuchomelea kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa watu, hata usipokuwa na zinki.

Mvua zikianza, mwezi wa Novemba, ardhi nyekundu ya Kenya hulowa, nayo mashine nyingi hukaa juu ya ardhi hiyo. Nyingine ni za kujitengenezea, waya wa shaba uliozungushwa juu ya vyuma, bila kifuniko. Akili ya mafundi hao twaistaajabia. Lakini upande umeme unapoingilia kuna volti 220, na mtu mwenye jasho, aliyevaa ndara katika matope, hana kinga yoyote. Mashine ifunikwe, fundi asimame juu ya ubao mkavu, avae viatu vya ngozi na glavu kavu, na mvua ikinyesha kazi ingoje.

Jambo moja halina ruhusa kabisa: kuchomelea pipa lililokuwa na esanse au mazutu. Watu husema, “Ni tupu.” Tupu ya mafuta, ndiyo, lakini imejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka, kulisuuza kwa maji hakutoshi. Mwenye pipa la namna hiyo na alipeleke kwa watu wenye vyombo vya kulisafisha na kulipima, au anunue jingine.

Mafundi wa chuma wana msimamizi wao mbinguni, Mtakatifu Eloi, mfua dhahabu aliyefanywa askofu katika karne ya 7, ambaye sikukuu yake ni tarehe 1 Desemba. Tunawasifu wanaomkumbuka. Yeye naye, twadhani, angetaka kuona vinyago viwili katika kila karakana: cha fundi, na cha yule anayemshikia chuma. Tulimwambia hivyo fundi wetu. Akacheka, akauliza bei ya kioo peke yake bila kinyago. Tukamjibu kwamba hicho ndicho sehemu isiyo ghali, na ubao wa kukishikia anaweza kuuchonga mwenyewe.

Jioni inapofika, Kenya huwaka taa na mafundi hukunja nyaya zao. Mzee mmoja wa mtaa huo haendi nyumbani mara moja. Hukaa nusu saa juu ya kiti chake, akitazama mifuko ya makala ya jirani na matambara yaliyo pembeni, kwa sababu cheche huweza kuruka hatua kumi na kujificha. Hunyunyizia maji kidogo hapa na pale, kisha hufunga mlango.