Motokaa ya Jumamosi na Bati la Mama



Mara nyingi katika kurasa hizi nimesoma habari za ndugu walioeleza makosa yao bila kuficha, ili wengine wapate kujihadhari. Leo nami nataka kueleza langu. Si kosa la ulevi, wala la ugomvi. Ni kosa la kupenda motokaa.

Huenda utacheka na kusema, "Mimi sina hata baiskeli, habari za motokaa zanihusu nini?" Ngoja kwanza, msomaji. Kwako wewe labda ni pikipiki, au mashine ya kusaga, au redio kubwa ya spika mbili. Vitu ni mbalimbali, lakini moyo wa kutamani ni ule ule.

Motokaa niliyoitamani ni ya namna ya pekee. Ni fupi, haina buti. Nyuma ina mlango mmoja unaoinuka juu pamoja na kioo chake. Ukiitazama utasema ni gari dogo la nyumbani, la kupeleka watoto shule na kuleta ndizi kutoka sokoni. Lakini waundaji wameitia injini kali, pamoja na breki na springi za kuiweza injini hiyo. Wajerumani ndio walioipatia namna hii sifa kubwa. Kampuni ya Volkswagen ilionyesha Golf GTI mjini Frankfurt mwaka 1975, ikaanza kuiuza mwaka 1976, yenye nguvu za farasi 110. Walikusudia kuunda 5,000 tu. Kumbe watu waliipenda, na za umbo lile la kwanza ziliundwa zaidi ya 400,000. Mwaka 1984 Wafaransa wa Peugeot wakatoa 205 GTI. Mwishoni mwa mwaka 1989 Wajapani wa Toyota wakatoa yao, nayo ndiyo iliyoniponza: Starlet GT Turbo.

Starlet ya kawaida twaijua, maana barabara zetu zimeziona nyingi sana. Lakini hii ni nyingine. Injini yake ni ndogo, sentimita za ujazo 1331 tu, lakini ina nguvu za farasi 135, na motokaa nzima haifiki kilo 900. Siri yake ni kifaa kimoja kinachofanana na konokono. Moshi unaotoka katika injini, badala ya kupotea bure, hupita humo na kuzungusha gurudumu dogo. Gurudumu hilo limeshikamana kwa mhimili mmoja na jingine linalovuta hewa safi na kuisukuma kwa nguvu ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli nyingi zaidi huweza kuungua, na nguvu huongezeka. Mafundi wetu hukiita kifaa hicho tabo. Mke wangu alikuja kukiita taabu, na mbele utaona kwamba hakukosea.

Basi, mwezi wa Oktoba mwaka 2021 nilisikia kwamba mtu mmoja hapa Moshi anauza motokaa ya namna hiyo, iliyoundwa mwaka 1992, nayo imesimama uani kwake kwa muda mrefu. Nilikuwa na kazi ya mshahara, na nilikuwa na kijana wangu wa miaka 16 ambaye siku hizo alikuwa hasemi nami ila kwa neno moja moja. Nikafikiri: tutaitengeneza pamoja kila Jumamosi, yeye atajifunza kazi ya mikono, nami nitampata tena mwanangu. Hilo lilikuwa wazo jema, na hata leo nasema lilikuwa jema. Ubaya ulikuwa katika namna nilivyolifuata.

Nilikwenda kuiona jioni, kumekwisha kuanza kuwa giza. Rangi ilikuwa nyekundu, imetoka kupigwa polishi. Injini ilikuwa imekwisha kuwashwa kabla sijafika. Nikauliza kama ni nzima. Mwenyewe akajibu, "Inataka kuangaliwa kidogo." Msomaji, neno hilo "kidogo" ndilo lililo ghali kuliko motokaa yenyewe. Nikatoa shilingi 3,400,000. Wahenga walisema, kipya kinyemi ijapokuwa kidonda, na mimi nilikibeba kidonda changu nyumbani nikipiga honi.

Siwezi kumlaumu aliyeniuzia. Yeye hakunificha neno. Mimi ndiye sikuuliza. Kwa hiyo acha nikwambie niliyojifunza baadaye kwa hasara, kwa kuwa yanafaa kwa kila gari la zamani.

Kwanza, nenda asubuhi, na umwombe mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Injini ya baridi haifichi mambo. Moshi wa rangi ya samawati maana yake inaunguza oili. Moshi mweupe mzito usiokoma, hata baada ya injini kupata moto, maana yake maji yanaingia mahali pasipo pao. Moshi mweusi, petroli imezidi. Fungua kifuniko cha oili: ukiona utando kama maziwa, jihadhari, huenda maji na oili vimekutana.

Pili, soma kadi ya gari, ulinganishe namba ya chasisi na namba ya injini na zile zilizopigwa kwenye chuma. Maandishi ya "Turbo" huweza kununuliwa dukani na kubandikwa juu ya gari lolote.

Tatu, tafuta kutu. Inua zulia, inua tairi la akiba, pitisha mkono chini ya milango. Chukua sumaku ndogo: mahali ambapo haishiki, huenda chini ya rangi pana putii wala si bati. Injini hubadilishwa, bali bodi iliyooza ni kama nyumba iliyoliwa na mchwa.

Nne, tazama matairi, si meno yake tu bali na umri wake. Ubavuni pana tarakimu nne za mwisho; zikiwa 2314, tairi lile lilitoka kiwandani katika juma la 23 la mwaka 2014. Tairi la zamani huweza kuwa na meno mazuri na bado likapasuka njiani.

Tano, kama gari lina tabo, mpe oili safi kwa wakati wake. Mhimili ule huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, nao hutegemea oili tu. Ukifika kutoka mwendo mkali usiizime injini mara moja. Iache ingurume polepole dakika moja au mbili, ipoe.

Na la sita ni la uhai: usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Weka stendi imara, zuia magurudumu kwa mawe, ndipo uingie. Hilo peke yake tulilishika tangu siku ya kwanza, namshukuru Mungu.

Sasa narudi kwenye kosa langu. Motokaa ilikuwa na maradhi mawili makubwa: gasketi ya kichwa cha injini ilikuwa imeungua, na tabo ilikuwa imekufa. Mama yangu mzazi anakaa kijijini huko Kibosho, katika nyumba aliyotujengea marehemu baba, na paa lake lilikuwa limeoza kwa kutu. Nilikuwa nimemwahidi bati jipya kabla ya masika. Fedha nilikuwa nazo, shilingi 1,750,000, hesabu ya mabati 50 kwa shilingi 35,000 kila moja.

Msomaji, fedha zile zilitoka kidogo kidogo, kama maji ya ndoo iliyotoboka. Shilingi 350,000 za gasketi na kusawazisha kichwa cha injini. Radieta na pampu ya maji, 180,000. Matairi manne, 320,000. Mwisho nikaagiza tabo iliyotumika kutoka Gerezani, Dar es Salaam, shilingi 900,000. Kila mara nilijiambia kwamba nitazirudisha mwisho wa mwezi. Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, fedha za bati la Bibi zipo?" Nikajibu, "Zipo." Huo ulikuwa uongo, tena niliusema nikinawa grisi mikononi.

Na siku nazo zilikwenda vivyo hivyo. Tulikubaliana motokaa iwe ya Jumamosi. Lakini boliti ikikatika Jumamosi jioni, moyo hautulii. Dominika moja nilichelewa Misa. Dominika nyingine sikwenda kabisa. Mwenyekiti wa Jumuiya yetu akamwuliza mke wangu kama ninaumwa, naye, maskini, hakujua la kujibu.

Pasaka ya mwaka 2022 iliangukia katikati ya masika. Tulipanda Kibosho sote kwa basi dogo la abiria, maana motokaa ilikuwa bado juu ya stendi. Mvua ilinyesha usiku kucha. Mama alikuwa amekisogeza kitanda chake pembeni, na sakafuni ameweka mabeseni mawili na sufuria ya ubwabwa. Sikumwambia neno, wala yeye hakuniuliza. Nilipoinuka usiku kumwaga maji, alisema tu, "Lala, mwanangu. Mvua ni ya Mungu." Angalinigombeza, ningaliona nafuu.

Siku ya kurudi, kijana wangu aliketi karibu nami. Tulikuwa tumekwisha kuteremka nusu ya mlima aliponiuliza, "Baba, ile tabo ilikuwa shilingi ngapi?" Nikamjibu. Akageukia dirishani, akanyamaza. Nilijua anafanya hesabu, kwa maana hata mimi nilikuwa nikiifanya: nusu ya paa la bibi yake ilikuwa imefungwa kwa boliti kwenye injini yangu.

Usiku ule nilimwambia mke wangu yote, na Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuungama. Mke wangu hakupiga kelele. Alichukua daftari la shule, akapiga mistari, akasema, "Kuanzia leo kila shilingi itaandikwa hapa jina la mwenyewe kabla haijatoka." Motokaa ikafunikwa turubai. Niliacha nyama ya Jumamosi na soda za kazini, nikauza na simu yangu ya bei. Mwezi wa Septemba bati lilipigwa. Kijana wangu alikuwa juu ya paa pamoja na fundi, ameshika nyundo, nami chini nikiwapa misumari.

Turubai tuliliondoa Januari 2023. Sasa palikuwa na kopo juu ya kabati, na kilichobaki baada ya chakula, ada ya shule, zaka na dawa za Mama ndicho kilichoingia humo. Miezi mingine hakikuingia kitu, na Jumamosi hiyo tulisugua kutu tu, maana msasa ni wa bei ndogo. Katika kusugua huko ndiko mwanangu alikoanza kuzungumza nami. Alinieleza mambo ya shuleni, na hofu zake, na kwamba anataka kuwa fundi wa mitambo. Nilikuwa nimedhani tabo ndiyo itakayotukutanisha. Kumbe ilikuwa msasa. Saa kumi na mbili jioni tulifunika vyombo, hata kama boliti moja ilibaki. Dominika tulikwenda Misa wote.

Injini ilinguruma vizuri mwezi wa Novemba. Dominika ya kwanza tulimfuata Mama, tukamketisha mbele, tukampeleka kanisani. Akaniuliza kwa nini gari dogo namna hii lanung'unika kama lori. Wala sikuikimbiza, ile barabara ina watoto na mbuzi, na nguvu 135 si lazima zitoke zote siku moja. Alasiri mvua za vuli zikashuka. Tuliketi ndani tukinywa chai, na kelele za mvua juu ya bati zilikuwa nyingi hata tukawa hatusikilizani. Hakuna tone lililoingia.

Ndugu msomaji, sikwambii usinunue kitu cha kupendeza. Mungu hakuumba mikono yetu kwa jembe tu, na furaha ya kukifufua kitu kilichokufa ni furaha safi. Bwana wetu, katika Injili ya Luka, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Mimi nilihesabu bei tu, nikadhani nimehesabu gharama. Fedha niliyoitoa ilikuwa na mwenyewe tayari, na mwenyewe alikuwa amelala chini ya paa linalovuja. Hata siku niliyoitoa ilikuwa na Mwenyewe.

Basi kabla hujatoa fedha yako, keti na mwenzi wako, chukueni daftari, mwandike majina. Kikibaki kitu baada ya majina yote, hicho ni chako. Nunua, ufurahi, wala usione haya.

Ni mimi msomaji mwenzenu,
Moshi.