Mti Nao Hutoa Ushahidi

Jirani yangu hapa Kigwa, kwenye njia ya kale ya misafara iendayo Tabora, alirithi kitako cha bunduki kutoka kwa babu yake. Aliambiwa ni cha Mauser ya mwaka 1871, silaha waliyopewa askari wengi wa Wajerumani, ambao walipoteza mji wa Tabora Septemba 1916. Mnunuzi alitaja bei nzuri, mradi kiwe cha asili.

Tulikichunguza pamoja. Kitako cha kiwandani huwa na mihuri, na nafasi za vyuma huchongwa kwa mashine, sawasawa. Uchakavu wa kweli hukaa pale mkono na shavu vilipogusa. Wa kughushi huenea kila mahali. Skrubu yenye kichwa cha msalaba ni ya miaka ya 1930 na baadaye. Hiki hakikuwa na muhuri. Kilichongwa kwa patasi, tena kwa mninga wa misitu yetu, ilhali Wajerumani walitumia mjozi.

Je, ni bandia? La. Fundi aliyeziba pengo la kilichovunjika hakumdanganya mtu. Mdanganyifu ni yule atakayekiuza kwa jina la Ujerumani. Jirani alisema kweli, na mnunuzi akaenda zake. Bati za kuezekea nyumba zikakosekana, lakini watoto wake wanayo kazi ya mkono wa fundi wa kwao, nao wanajua ilivyo.

Nawe msomaji, kabla hujauza urithi, uulize kwanza habari zake.