Kosa la Nahodha Solo: Tajriba ya Mtazamaji

Katika filamu ya Star Wars (1977), nahodha Han Solo anajigamba mbele ya wasafiri wawili kwamba chombo chake kilimaliza safari ya Kessel kwa chini ya paseki 12. Paseki, kama wanafalaki wajuavyo, ni kipimo cha umbali. Moja ni takriban miaka-nuru 3.26. Ni sawa na mwanariadha kujisifu kuwa alimaliza mbio za mita 100 kwa mita 90.

Nilipoitazama filamu hiyo katika kibanda cha video mjini Migori, mwaka 2009, nililicheka kosa hilo kwa sauti, nikawaeleza walioketi karibu nami bila wao kuniomba. Nilikuwa mwanafunzi wa fasihi, na nilidhani kazi ya mhakiki ni kunasa makosa.

Wiki iyo hiyo nilimsindikiza nyanya kwenda Homa Bay kumwona shangazi aliyekuwa amelazwa hospitalini. Pale stendi alimwuliza utingo: "Mwanangu, hapa mpaka Homa Bay ni mbali?"

"Saa moja na nusu tu, mama. Ingia, tunaondoka."

Umbali ulijibiwa kwa muda, yaani kosa la Solo lililogeuzwa, nami sikulisikia. Wala halikuwa kosa. Nyanya hakutaka kilomita, alitaka kujua iwapo angewahi saa ya kuwaona wagonjwa. Kasoro ya mantiki ilijificha kwingine. Utingo alihesabu tangu gari litakapoondoka. Nyanya alihesabu tangu alipoketi. Gari lilingoja hadi likajaa, likangoja tena Rongo. Tulipofika, lango lilikuwa limefungwa. Nyanya alimwachia bawabu chupa ya uji, akaketi nyasini bila kusema neno.

Baadaye nililitazama upya onyesho lile. Solo anadaiwa na Jabba, na hao anaowaambia maneno yale ni abiria watarajiwa. Uso wa mzee Kenobi waonyesha dhahiri kwamba hakuamini. Kosa, basi, ni la mhusika. Ndiyo lugha ya mtu anayejaza gari. Filamu ya Solo ya mwaka 2018 ilijitahidi kulitengeneza, ikadai kwamba nahodha alipita njia ya mkato iliyopunguza umbali wenyewe. Mantiki ilinyoka, utingo akapotea. Kwangu mimi hiyo ni hasara.

Nilipomsimulia nyanya kisa cha Solo, hakushughulika na paseki hata kidogo. Aliuliza tu iwapo wale wawili walipanda. Nikamjibu kwamba walipanda.