Madumu Meusi Ziwani

Hapa Minnesota, jimbo lenye maziwa zaidi ya 10,000, bata mwitu huwindwa majira ya kupukutika majani. Aliyenialika mimi na mwanangu ni jirani yetu, mzee asiye Mwislamu lakini mwenye adabu kubwa. Kwake wamo bata wa mbao aliowachonga kwa mkono wake, wamekamilika macho na manyoya. Wakielea ziwani, bata walio angani hudhani wenzao wamepata malisho na amani, nao hushuka.

Nilipomwambia kwamba nasitasita kuchonga sanamu ya chenye roho, hakucheka. Alinionyesha njia ya marehemu baba yake: madumu matupu ya jiki. Tuliyapaka rangi nyeusi isiyong'aa, tukakaza vifuniko, na kila dumu tukalifunga kamba yenye kipande cha chuma kuwa nanga. Hayana kichwa wala jicho, lakini yakiyumba juu ya mawimbi, kwa mbali ni bata kabisa. Mwanangu alipaka 18. Vidole vyake vilibaki vyeusi hadi Ijumaa, na msikitini watu wakamtazama.

Je, kumlaghai ndege? Nalo nilijiuliza. Sheria ya Marekani ilipiga marufuku tangu 1935 kutumia bata hai kuwavutia wenzao. Wa bandia wanaruhusiwa. Kuwinda kwa ajili ya chakula ni halali, na hakuna uwindaji usio na hila. Nikaridhika, ingawa si sana.

Siku ilipofika nilisema Bismillahi, nikafyatua. Bata akaanguka mbali, kichwa majini. Tulipomfikia kwa mtumbwi alikwisha kufa. Ndipo nikaikumbuka Hadithi ya Adiyy bin Hatim (Allah amridhie) iliyomo katika Sahihi Muslim: windo likikutwa limezama majini lisiliwe, kwani mwindaji hajui limeuawa na maji au na mshale wake. Tulitafuta jeraha, tukaona tundu moja tu la kigololi cha chuma, ubawani.

"Baba, kwa hiyo tumemuua bure?" mwanangu aliuliza.

Sikuwa na jibu. Jirani alimchukua, maana sheria ya huku hairuhusu windo liachwe lioze.

Jumamosi iliyofuata tuliyahamishia madumu penye maji ya magotini, kando ya matete, nami nikajizuia kufyatua mpaka ndege awe karibu mno. Wawili wa kwanza niliwawahi wangali hai, nikawachinja kwa kisu alichokuwa amenishikia mwanangu.