Herufi e mbele ya neno



Mimi nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima kama wewe. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mimi nilichelewa. Nilianza darasa mwaka 1974, chini ya mwembe, mtoto mgongoni. Tulianza na a, e, i, o, u. Herufi e tuliisoma kama mtu anayeitikia anapoitwa: "Ee!" Herufi i tuliisoma "i". Sikujua kwamba siku moja herufi hizo mbili zitanisumbua mimi na mjukuu wangu.

Mjukuu wangu alimaliza kidato cha nne akataka kusomea uuguzi. Maombi ya chuo yalijazwa kwenye kompyuta. Yeye alikuwa mbali, kwa mjomba wake, mahali ambapo simu hushika kwa shida. Basi nilikwenda mimi mjini, kwenye duka la kijana anayewajazia watu fomu. Kijana akaniuliza, "Bibi, imeili yake ni ipi?"

Nilishangaa. Nilidhani imeili ni kitendo, kama imefika au imelala. Nikamwuliza, "Nini ime-ili?" Watu wakacheka. Kijana akasema ni barua pepe. Neno hilo nalo lilinitatiza. Sisi wakulima wa mpunga tunajua kwamba pepe ni punje tupu, ile inayopeperushwa na upepo tunapopepeta. Je, ni barua isiyo na kitu ndani?

Nilimpigia mjukuu simu anitajie anwani yake. Ilianza na neno pendo. Lakini sauti ilikatikakatika, naye akaona ni afadhali anitajie herufi moja moja. Alizitaja kwa Kiingereza, kama walivyomzoeza shuleni: "Pi, i, en, di, o." Nami niliandika nilivyosikia: p, i, n, d, o. Pindo. Nguo ina pindo, kwa hiyo sikuona kosa lolote. Nilimpa kijana karatasi, akaandika.

Tukangoja jibu. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Mwishowe mjukuu alipiga simu chuoni. Akaambiwa, "Ulichaguliwa. Tulikuandikia uthibitishe. Siku ya mwisho ilikuwa jana, nafasi amepewa mwingine."

Alirudi nyumbani, akaniamkia, akaketi. "Bibi, uliandika nini?" Nikamwonyesha ile karatasi, kwa maana nilikuwa nimeitunza. Aliitazama muda mrefu. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Barua ya chuo ilikuwa imetumwa kwa pindo, nasi hatumjui pindo.

Jioni ile alinifundisha. Waingereza huandika e, lakini wanapoitaja husema "i". Na hiyo e wameipa kazi nyingine. Huiweka mbele ya neno, pengine na kistari kidogo, kuonyesha kwamba kitu hicho ni cha kielektroniki. Maana yake ni kwamba kinakwenda kwa kompyuta au simu, si kwa karatasi. Kwa hiyo imeili ni barua tu, isipokuwa haitiwi katika bahasha. Mmarekani mmoja, Ray Tomlinson, alituma ujumbe wa namna hiyo mwaka 1971, kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Yeye ndiye aliyechagua alama @, ile a yenye mkia uliozunguka, itenganishe jina la mtu na mahali barua inapokwenda.

Ukishaijua herufi hii utaiona kila mahali. Wakenya wanayo huduma ya serikali iitwayo eCitizen, yaani raia wa kielektroniki. Tanzania ilizindua pasipoti ya kielektroniki mwezi Januari 2018. Ni kijitabu kama pasipoti nyingine, ila kina kifaa kidogo sana ndani kinachohifadhi habari za mwenyewe. Mwaka 2019 ikatungwa Sheria ya Serikali Mtandao. Hapo utaona tofauti yetu na Waingereza. Wao huweka herufi mbele, sisi tunaweka neno nyuma. Mimi naona letu ni bora, kwa sababu neno zima husomeka, lakini herufi moja humtega mtu. Ila usiitilie shaka kila e unayoiona. E ya embe haina umeme.

Niliuliza pia neno elektroniki limetoka wapi. Mjukuu alisoma katika simu yake akaniambia ni kwa Wagiriki wa kale. Wao waliita elektron kitu tunachokiita kaharabu. Kaharabu ni utomvu wa miti ya zamani sana uliogeuka kuwa mgumu kama jiwe, na watu hutengeneza shanga kwa hiyo. Ukiisugua kwa kitambaa, huvuta unyoya au kipande cha jani kikavu. Mwaka 1600 daktari wa Uingereza, William Gilbert, aliandika juu ya nguvu hiyo ya kuvuta, akaiita kwa jina la kaharabu. Ndipo yalipotoka majina ya mambo ya umeme. Waarabu nao huita umeme kahraba. Basi ile e iliyotuponza ni kipande cha jina la ushanga!

Mjukuu alikaa nyumbani mwaka mzima. Alilima nami, akauza mandazi, wala hakulitaja tena jambo lile. Wakati wa maombi ulipofika, tulikwenda mjini pamoja. Yeye ndiye aliyemtajia kijana anwani, nami nikasimama kando. Alipomaliza nikasema, "Mwanangu, geuza hicho kioo nikione."

Kijana alisita. Watu walikuwa wamepanga mstari nyuma yetu. Lakini alikigeuza. Niliweka kidole juu ya kioo nikasoma kwa sauti, kama nilivyosoma chini ya mwembe: p, e, n, d, o. Kisha nikarudia tangu mwanzo, hadi kwenye ile a yenye mkia na kuipita, ndipo nikamwambia aitume.